Masharti Tisa ya Pua ya Bosi Wangu

"Ukimpa simu, pua itapasuka. Na damu yake itakuwa juu yako."

Hayo niliambiwa mimi, jamani, siku ya tatu tangu bosi wangu atoke hospitali kutengeneza pua.

Aliyeniambia ni binamu yake, mtoto wa mjomba wake kabisa. Amesimama katikati ya sebule, karatasi ya daktari mkononi, simu ya bosi tayari iko kwenye mkoba wake.

Nami nikaitikia, "Sawa, anti."

Ningejua...

Ngoja niwaeleze vizuri, msije mkapotea njiani.

Bosi wangu anashona magauni ya harusi. Watu wanamwita Mama Vipimo, maana ukiingia tu mlangoni ameshajua kiuno chako kina inchi ngapi. Miaka kumi na minane anavalisha mabibi harusi, na katika picha zao zote hayumo. Mpiga picha akiinua kamera, yeye anainama, anajifanya anashika pindo la gauni. Pua aliyozaliwa nayo ilimkosesha raha tangu utotoni.

Mwaka jana akasema imetosha. Akaenda, ikatengenezwa.

Mimi niliajiriwa wiki tatu tu, kazi yangu moja: kuilinda pua hiyo.

Na kazi nilipata kwa uongo. Nilisema nimemaliza darasa la saba. Ukweli niliishia la tatu, na hata hilo nililisoma mguu mmoja ndani, mmoja nje. Namba nazijua. Maneno yalikuwa yananikimbia.

Kwa hiyo siku ya kutoka hospitali, nesi aliponipa karatasi na kuanza kueleza, sikuangalia karatasi. Nilimwangalia yeye mdomoni. Kila sharti nikalikunjia kidole.

Alale kichwa kikiwa juu, mito mitatu. Asipenge kamasi. Chafya ikija, aachame mdomo. Asiiname wala kubeba kizito. Plasta ngumu ya puani isilowe. Barafu iwekwe mashavuni, isiguse pua. Avae nguo za vifungo, si za kupitishia kichwani. Asimeze dawa yoyote bila kuuliza. Na miwani isikalie pua. Ikibidi sana, ining'inizwe kwa utepe wa plasta kutoka kwenye paji la uso.

Tisa. Kidole gumba cha kushoto kikabaki hakina kazi.

Sasa turudi pale sebuleni.

Binamu ndiye msimamizi wa karakana ya magauni. Barua, risiti, mikataba, vyote anasoma yeye. Bosi husema tu, "Macho yangu haya, nisomee mdogo wangu." Na siku hiyo miwani yenyewe ilikuwa marufuku.

Akaanza kusoma. Mimi nikakunja vidole, kimoja kimoja.

Akafika tisa. Akaendelea.

"Kumi. Mgonjwa asitumie simu, kuongea kunavuta mishono. Kumi na moja. Asipokee wageni. Kumi na mbili. Asishike vitu vya kazi, viondolewe nyumbani."

Vidole viliniishia.

Bosi akashtuka. "Hata daftari langu la vipimo?"

"Dada, si mimi. Ni karatasi."

"Kama karatasi imesema..."

Akalitoa chini ya mto. Daftari hilo nililiona siku ya kwanza. Kila ukurasa umejaa namba, na juu yake, badala ya jina, kuna picha ndogo. Mwavuli. Kuku. Sufuria bila mfuniko. Nilimsifu, "Mama, unachora kweli." Akanijibu, "Majina yanafanana, mwanangu. Mwavuli hausahauliki."

Binamu akalitia mkobani, karatasi akaiacha mezani, akaondoka.

Mimi nikauchuna. Ningesema nini? Kwamba nilihesabu tisa? Angenipa karatasi, aniambie, "Haya, soma wewe." Kazi ingeishia hapo hapo.

Wapendwa, siku tatu zilizofuata zilikuwa mateso.

Bosi hakutulia. Kitandani dakika mbili, dirishani dakika mbili. Vidole vyake vinakata hewa kama vimeshika mkasi. Kila saa ananiuliza, "Mdogo wangu hajaja? Hajatuma mtu?" Uso umevimba, chini ya macho pana rangi ya zambarau, na anapumua kwa mdomo.

Akikaribia kupiga chafya mimi naruka toka jikoni.

"Mdomo, mama! Mdomo!"

Anaachama. Chafya inapita. Tunatazamana kama watu waliokoswa na gari.

Nami sikulala. Nikifumba macho naona kidole gumba changu cha kushoto. Tisa. Kumi na mbili. Tisa.

Siku ya sita, dada mmoja akagonga geti.

Nikamwambia kupitia upenyo, "Samahani, mama amekatazwa wageni."

"Najua, mpenzi. Nimeleta pole tu. Mwambie tunamwombea, na gauni langu kesho naenda kulijaribu kule duka jipya."

"Duka jipya lipi?"

"La binamu yake. Ametuambia pua imeharibika, mama hatatoka tena mbele za watu. Wateja wote tumehamia kule."

Jamani... Nikarudi ndani.

Nilisimama nje ya chumba cha bosi muda mrefu. Nikisema, nafukuzwa. Nikinyamaza, mtu ananyang'anywa miaka kumi na minane akiwa amelalia mito mitatu.

Nikaingia.

Nikamwambia yote. Geti, duka, wateja. Macho yakamjaa machozi.

"Mama, usilie. Ukilia utataka kupenga, na kupenga ni sharti la pili."

Akacheka kidogo katikati ya kilio. Kisha akajifuta macho.

"Lakini karatasi ilisema hivyo, binti. Mwenyewe ulisikia."

"Karatasi ina masharti tisa, mama."

"Umeisoma?"

Hapo ndipo nilipofikia ukingoni.

"Sijaisoma. Sijui kusoma. Nilikudanganya, sikumaliza shule. Lakini nesi alipoeleza nilihesabu vidoleni, na namba nazijua. Kwenye karatasi, namba ya mwisho ni tisa. Hakuna kumi."

Nikangoja aniambie nifungashe.

"Ilete," akasema. "Na miwani pia."

Nikakata utepe wa plasta, nikaining'iniza miwani kutoka kwenye paji la uso wake, isiguse pua hata unywele. Alionekana kama cherehani iliyofungwa kioo. Akaishika karatasi. Akaitazama... akaitazama...

"Kweli. Tisa."

"Basi soma, mama. La simu liko wapi?"

Akaigeuza nyuma, akairudisha mbele.

"Soma, mama. Hata lile la mwisho tu."

Akaishusha karatasi mapajani.

"Mwanangu, na mimi naona namba tu."

Sikuelewa mara moja. Nilidhani ni macho.

"Macho yangu ni mazima kuliko yako," akasema. "Miwani hii ni ya kioo cha kawaida. Tangu ujana naivaa ili nipate sababu ya kusomewa. Anayejua siri hii ni mmoja tu. Binamu yangu."

Wapendwa, ndipo nikazielewa zile picha. Mwavuli. Kuku. Sufuria.

Tulikaa kitandani wanawake wawili, tumekodolea macho karatasi moja, na kila mmoja wetu alikuwa anamficha mwenzake.

Nilichukua simu yangu ya vitufe, nikampigia nesi. Namba yake, aliyonitajia siku ile ya karatasi, nilikuwa nayo kichwani.

"Masharti ni tisa," nesi akasema. "Nani kamkataza simu? Apumzike tu, asipige kelele."

Nikataka twende dukani siku hiyo hiyo. Bosi akakataa.

"Tulia. Atakuja mwenyewe. Ameiba daftari asilolijua."

Na kweli. Siku ya saba asubuhi, siku ya kutoa plasta, binamu akaingia na maua.

"Dada yangu, unaendeleaje? Nimekuja kukupeleka hospitali. Eh, kabla hatujatoka... huyu mwenye mwavuli ni nani? Na kuku? Wateja wamegoma kupimwa upya, wanasema Mama Vipimo anavyo vipimo vyao tangu mwezi uliopita."

Bosi alikuwa ameegemea mito yake kama malkia.

"Sharti la kumi na mbili," akasema taratibu. "Nisishike vitu vya kazi. Si ulinisomea mwenyewe?"

Binamu akatabasamu. "Dada, hilo si kubwa."

"Na la kumi je? Simu yangu iko wapi?"

Tabasamu likaanza kuyeyuka. Akanigeukia. "Wewe dada, umemwambia nini mgonjwa?"

Mimi niliyezoea kuongea na sakafu, siku hiyo nilimtazama usoni. Nikanyanyua mikono yangu miwili, nikakunja kidole gumba cha kushoto.

"Tisa, anti."

Aliweka simu na daftari juu ya meza, akatoka na maua yake.

Hospitali tulienda wawili kwa teksi. Plasta ikatolewa. Pua bado imevimba, nesi akasema itachukua miezi kutulia. Bosi akajitazama kwenye kioo muda mrefu, kisha akaniuliza, "Hivi ni hii tu ndiyo niliyokuwa naificha?"

Wateja walirudi, si wote. Cherehani mbili na fundi mmoja wamebaki kwa binamu mpaka leo. Wiki zangu tatu zimekuwa mwaka wa pili. Kila asubuhi kabla ya kazi, mwalimu mstaafu anakuja, tunakaa naye meza ya kukatia vitambaa, bosi na mimi, kila mtu na daftari lake.

Kitu cha kwanza tulichosoma pamoja ni ile karatasi. Silabi kwa silabi. Masharti yote tisa, sawasawa na vidole vyangu.

Lakini chini kabisa palikuwa na mstari mmoja usio na namba, ambao hata nesi aliusahau. Bosi ndiye aliyeusoma, kidole kikifuata kila silabi:

"Mgonjwa awe na simu yake karibu wakati wote."

Ndugu zangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Kama kuna jambo unalionea aibu, mwambie mtu unayemwamini mapema. Ukilificha, atakayeligundua ndiye atakayekusomea maisha yako, na atasoma anavyotaka yeye.