Chembe za Mchanga kwenye Beseni

Lifti ya jengo la maduka ilikuwa imejaa, lakini mwanamume mwenye ndoo mbili alijipenyeza hivyo hivyo. Ndoo moja ikayumba. Maji yakamwagikia gauni jeupe la harusi ambalo mshonaji alikuwa amelibeba mikononi kama mtoto aliyelala.

"We kaka! Macho umeyaacha nyumbani?"

"Samahani sana, dada. Ni maji ya chumvi tu."

"Eti maji ya chumvi tu! Unataka bibi harusi akauke kama ng'onda?"

Watu wakacheka. Mshonaji, aliyevaa blauzi ya kijani na tepu ya kupimia shingoni, alitaka kuendelea kufoka, lakini harufu ya chumvi ile ikamnyamazisha. Marehemu mumewe alikuwa akikoroga maji kama yale kila Jumamosi, sebuleni kwao.

"Wewe ni fundi wa matangi ya samaki?" aliuliza kwa sauti nyingine kabisa. "Wangu wananifia."

Jioni hiyo fundi alipiga magoti mbele ya tangi, mikono ya shati lake la buluu imekunjwa. Katikati ya matumbawe, samaki mdogo wa rangi ya chungwa alikuwa akijisugua kwenye jiwe na kuhema haraka. Mwili wake ulikuwa na vidoa vyeupe, kama aliyenyunyiziwa chumvi.

"Anaitwa Mzee," alisema mshonaji. "Marehemu ndiye aliyempa jina. Amebaki yeye tu."

"Ni vimelea. Vikishiba vinaanguka mchangani, vinazaana, vitoto vinainuka kutafuta samaki. Dawa yake ina shaba, na shaba itaua matumbawe yako yote. Kwa hiyo Mzee atatibiwa kwenye beseni, na tangi likae bila samaki miezi miwili na nusu. Vikikosa samaki, vinakufa."

"Akipona mapema je?"

"Hata akipona. Ukimrudisha kabla ya wakati, tunaanza upya. Umesikia, Sindano?"

"Nani Sindano?"

"Si wewe? Umenichoma mbele ya lifti nzima."

"Basi na wewe ni Maji Chumvi."

Ndani ya beseni aliweka pampu ya hewa na kipande cha bomba cha kujifichia, basi. Mchanga hakutia hata chembe, kwa kuwa hunyonya dawa. Akawa anakuja kupima maji, na asipokuja, anapiga simu.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Mzee naye amekula. Anakuulizia."

"Mwambie mjomba anakuja kesho."

"Mjomba! Tangu lini?"

"Haya, baba wa kambo."

Mshonaji alicheka mpaka akashangaa. Hakuwa amecheka hivyo tangu msiba. Jumapili moja, baada ya ibada, fundi akamwambia, "Tangi likipona, nataka kuwaleta wazee kwenu." Hakujibu, ila aliushika mkono wake na hakuuachia mpaka walipofika kituoni.

Kisha ikafika siku ya kumbukumbu ya kifo cha mumewe. Ndugu walikuja, wakasali, wakaondoka. Mshonaji akabaki na kiti kitupu upande mmoja, tangi tupu upande wa pili. Taa ya tangi ilimulika mawe na matumbawe tu. Vidoa vya Mzee vilikuwa vimekwisha kabisa. Akamchota kwa wavu, akamrudisha. Mzee alikwenda moja kwa moja kwenye jiwe lake, na mshonaji akalia kwa furaha.

Siku chache baadaye vidoa vikarudi. Akamtoa haraka, akamtia kwenye beseni, wala hakumwambia mtu. Fundi alipofika, Mzee alikuwa ameshakufa.

"Dawa yako!" mshonaji alipiga kelele. "Nilikuamini! Umeniulia kitu pekee nilichoachiwa!"

Fundi aliinama juu ya beseni. Kando ya bomba palikuwa na chembe chache za mchanga mweupe. Alizitazama muda mrefu.

"Nisamehe, mama," alisema. Hakumwita Sindano. Akachukua begi lake, akatoka.

Mshonaji aliziona zile chembe alipokuwa akiosha beseni. Alijua kwamba fundi amejua. Alimwomba Mungu ampe maneno. Maneno alikuwa nayo, ujasiri ndio uliokosekana. Akaanza kungoja upya ile miezi miwili na nusu. Alikoroga chumvi mwenyewe na kuyatunza matumbawe. Miezi ile ikapita, na mingine ikapita juu yake kwa woga tu. Ndipo akapiga simu.

"Maji Chumvi. Ni mimi."

"Habari za siku nyingi, dada."

"Nilimrudisha Mzee tangini. Ni mimi niliyemuua, siyo dawa yako."

"Najua."

"Ulijua, na bado ukaomba msamaha?"

"Ulishamzika mume. Sikutaka nikutwishe na hilo."

"Mbona hukunipigia?"

"Nilikuwa nangoja uniambie tu. Kila jioni simu mkononi, kama mjinga. Mwishowe nikachoka, Sindano."

"Kuna mtu?"

"Yupo. Wazee walikwenda kwao Jumapili."

"Anapenda samaki?"

"Anaogopa hata dagaa."

Wakacheka wote wawili, kisha mshonaji akafuta macho.

"Tangi likoje?" fundi aliuliza kwa upole.

"Safi. Safari hii nilingoja mpaka mwisho."

"Hongera. Ukinunua samaki, aanzie kwenye beseni."

"Bila mchanga."

"Bila mchanga. Mungu akutunze."

Simu ikakatika. Mshonaji akaketi kwenye kiti cha marehemu, akatazama tangi. Matumbawe yalikuwa yamefunguka, yanapepea taratibu. Maji yalikuwa maangavu kuliko siku nyingine yoyote. Hapakuwa na ugonjwa humo, wala hapakuwa na wa kuugua.