Malkia wa Maduara

"Mtama upepetwe leo."

Simu ikakatika.

Jilala aliirudisha mfukoni, akaendelea kufuta kioo cha Land Cruiser kana kwamba aliyepiga alikosea namba. Maana ya maneno yale aliijua: kabla jua halijazama, Asteria awe na pingu mikononi.

Masumbwe nzima ilimwita Malkia. Maduara, yale mashimo ya dhahabu, yalikuwa yake, mialo ya kuoshea mchanga wa dhahabu ilikuwa yake, na wachimbaji wabishi kuliko wote walinywea akipita. Jilala alikuwa sajenti wa jeshi, ameazimwa na idara ya ujasusi, akatumwa amlinde ili amchunguze.

Akamlinda. Akamchunguza.

Kisha akampenda. Hilo hakuliripoti kokote.

Asteria alitoka na begi la dhahabu, akaketi kiti cha mbele.

"Twende Segese."

"Si ulisema Tinde, mama?"

"Nimesema Segese. Bhebhe, wewe! Tangu lini unaniuliza njia?"

Hakutabasamu.

Kwa nini amebadilisha? Nani kamtonya? Jilala alibonyeza kitufe cha saa yake ya Casio. Ishara ya mahali alipo iliruka hadi kwa makomando waliojificha Tinde. Wangefika, lakini wangechelewa.

 Njia nzima Asteria hakutazama barabara. Alimtazama yeye.

Nje ya Segese, kando ya mashamba ya pamba iliyokwisha kuvunwa, Cessna nyeupe ilikuwa imetua. Lorenz, mnunuzi wa kigeni, alisimama chini ya bawa. Miguuni pake palikuwa na masanduku. Moja lilikuwa wazi.

Bunduki!

Asteria aliduwaa. "Tulikubaliana dhahabu, Lorenz. Hizi ni za nani?"

"Hazikuhusu. Sikiliza. Tinde kumejaa askari. Waliojua safari ile ni mimi, wewe na huyu dereva wako."

Bastola ya Lorenz ikatazama kifua cha Jilala. Glock yake ilikuwa kiunoni, nyuma. Asingeiwahi.

Asteria akamgeukia. Jilala aliyajua macho yale. Ndiyo yaliyowahukumu wezi wa mawe ya dhahabu kule maduarani.

Amekwisha.

"Mwache," Asteria akasema. "Aliyesema ni mimi."

Lorenz hakusita. Bastola ililia, na Malkia akaanguka.

Jilala alikuwa ameshachomoa. Risasi ya kwanza ilimvunja Lorenz mkono. Ya pili ilipasua tairi la ndege. Rubani akateremka mwenyewe, mikono juu.

Aliwafunga pingu haraka, akapiga magoti. Kitenge cha Asteria kilikuwa kimelowa damu.

"Ulijua?"

"Siku nyingi. Mlinzi gani wa machimboni hapokei hongo?"

"Mbona hukunisema?"

"Ningebaki na nani, Jilala?"

Alitaka kumjibu. Asteria hakumsubiri.

Vumbi la magari lilitokea upande wa barabara kuu. Redio aliyoificha chini ya kiti cha gari ikakoroma, akaichukua.

"Toa taarifa."

"Bunduki zimekamatwa. Dhahabu iko kwenye gari. Mnunuzi yu hai."

"Na mshukiwa mkuu? Yule mwanamke?"

Jilala alivua koti, akamfunika nalo taratibu, uso mwisho.

"Alikuwa upande wetu."

Redio ikakoroma tena.

"Una hakika, sajenti?"

"Nina hakika."

Akazima redio, akaiacha juu ya boneti, akashika njia kwa miguu, mgongo umenyooka. Makomando walimpungia mkono walipompita. Naye akawapungia.