Ndoo Zisizoandikwa Daftarini

Kila alfajiri, kabla hajainuka mkekani, Dominika aliweka vidole viwili shingoni, akakodolea macho mshale wa sekunde wa saa ya mezani ya baba yake, akahesabu. Ndivyo Mwalimu Kulwa alivyowaagiza wasichana wote kumi na wawili wa timu ya mpira wa wavu. Wahesabu mapigo ya moyo dakika nzima wakiwa bado wamelala, kisha wakifika shuleni waandike katika daftari la timu. Daftari lilikuwa na safu nne: mapigo, saa ulizolala, maumivu, na mara ulizoruka wavuni jana yake. Mapigo ya kawaida ya Dominika yalikuwa sitini na nane. Yakizidi kwa kumi siku mbili mfululizo, sheria ilikuwa moja tu: hushiki mpira mpaka yashuke.

Asubuhi ile ya Novemba alihesabu themanini na nne. Akarudia, akapata themanini na tano. Akasonya, akajifunga kanga, akachukua ndoo.

Juu ya uwanda ule wa Newala maji hayamfuati mtu. Bomba la mtaani lilikuwa likitoa upepo tu tangu Septemba, na chemchemi ilikuwa chini bondeni, njia ya kuteremka kwa visigino na kupanda kwa meno. Mama yake alikuwa shambani anaokota korosho, kwa kuwa wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuja na malori yao na kila nyumba ilikuwa mbioni. Basi maji yakawa ya Dominika: ndoo mbili kabla ya shule, ndoo moja baada ya mazoezi. Kaka yake Luka, kijana wa miaka kumi na saba mwenye mabega mapana kama mlango, alishinda mbele ya duka akicheza mchezo wa keram, raba zake za mitumba miguuni. Maji, alisema, ni mambo ya wanawake. Lakini kuyanywa aliyanywa, tena kata mbili mbili, na Dominika akimtazama koo lile likipanda na kushuka alipatwa na kinyaa.

Shuleni alifungua daftari akaandika: sitini na nane. Saa za kulala, nane. Maumivu, hakuna. Jumamosi ile timu ingekwenda Masasi kucheza na wasichana wa huko, na lori lilikuwa na nafasi ya wachezaji wanane tu. Hakuna aliyeruka juu kama Dominika katika shule ile, naye hakuwa tayari kuachwa kwa sababu ya vidole viwili shingoni.

Aliyemchefua kuliko wote ni Mwanne. Msichana yule, kila mapigo yake yalipopanda, aliandika vile vile yalivyo, kisha akakaa kivulini penye ukuta wa darasa akimenya ming'oko, mizizi ya porini iliyochemshwa, huku wenzake wakitoa jasho. Anamenya, anatafuna, anatazama. Dominika kila alipopita hapo alitema mate pembeni. Alikuwa hata amemtungia maneno, na timu nzima ikayashika:

Mwanne mwana kivulini,
mapigo yake shingoni,
mpira haumuoni.

Mwanne alisikia, akaendelea kumenya. Siku ile tu ndipo alipojibu, kwa sauti ya chini kama mtu anayemuuliza jirani habari za nyumbani.

"Mimi naandika ninachohesabu. Wewe jana nimekukuta bondeni mara tatu. Yale mapigo yako unayahesabia wapi, kwenye shingo ya nani?"

Wenzao wakacheka. Dominika akamwambia kwamba mvivu hakosi hesabu, akaenda zake wavuni. Aliruka mara sitini jioni ile, na kila aliposhuka alihisi goti la kulia limechomwa mwiba. Kesho yake kwenye safu ya maumivu aliandika tena: hakuna.

Jumamosi lori liliteremka uwandani, vumbi likawafanya wote rangi moja, mpaka wakaona majabali ya Masasi yamesimama. Mwanne alikuwemo, mchezaji wa nane. Dominika alikaa mbali naye.

Uwanja ulizungukwa na watu. Seti ya kwanza Dominika alipiga mipira mpaka watu wa Masasi wakaanza kuuliza jina lake. Seti ya pili alipoinama kupokea mpira, majani ya uwanja yalikuja juu yakarudi chini. Akajisemea kwamba ni jua. Mpira ukapandishwa kwake, mzuri, karibu kabisa na wavu, ule mpira ambao hata mtoto wa darasa la tatu angeupiga. Akaruka. Yaani alidhani ameruka, kwa maana miguu ilikataa ikabaki chini, na mpira ukamwangukia kichwani ukadunda kwenda nje.

Watu walicheka. Dominika alishika mlingoti wa wavu akatapika hapo hapo, mbele ya mwamuzi, mbele ya Masasi nzima, juu ya viatu vyake mwenyewe. Harufu ilimpiga puani. Mama mmoja wa mstari wa mbele akafunika uso kwa mtandio, na Dominika akaiona sura ile ya kinyaa, akaitambua. Ndiyo sura aliyokuwa akimwonyesha Mwanne siku zote.

Mwanne ndiye aliyeingia badala yake. Kabla ya kwenda kusimama mahali pake alimwagia Dominika maji miguuni, polepole, akamwachia kikombe. Newala walishindwa, seti mbili kwa moja, lakini seti ya tatu Mwanne aliruka hadi mwisho kama mtu aliyeanza kucheza muda ule ule.

Baadaye Mwalimu Kulwa aliketi jiweni karibu na Dominika, mguu wake mmoja ameunyoosha, maana goti lake halikukunjika sawasawa. Alikuwa na daftari mapajani.

"Siku kumi na moja," alisema, "sitini na nane, sitini na nane, sitini na nane. Moyo wa mtu haukai hivyo, mwanangu. Hii ni hesabu ya ukuta. Nami nimeitazama kila siku bila kuuliza, kwa sababu nilikutaka Masasi."

Dominika akasema yote: themanini na nne, goti, bondeni, ndoo tatu. Alilia kwa hasira. Alisema anajichukia, kwamba anajionea kinyaa.

Mwalimu hakumbembeleza. Alimsimulia jinsi yeye mwenyewe, kwao Mwanza, alivyoajiriwa na kiwanda cha nguo kuchezea timu yao ya wanawake. Kocha wao alihesabu miruko yote ya uwanjani, ila zamu za kusimama mashineni hakuzihesabu, na yeye kila alipoulizwa alijibu kwamba hajachoka, asije akapoteza nafasi.

"Kiwanda kikauzwa," alisema. "Mashine zilipata mnunuzi. Goti langu halikupata. Na leo nimefanya kosa la kocha yule yule. Nimehesabu miruko, ndoo sikuziona."

Jumapili mchana alifika nyumbani kwa kina Dominika. Alimwamkia bibi yao aliyekuwa ukumbini, kisha akamfungulia daftari Mama Luka na kumweleza bila kuzungukazunguka. Mama alisikiliza, mikono yake bado myeusi kwa utomvu wa korosho. Mwishowe akageuka akamtazama Luka, aliyekuwa mlangoni akipiga raba zake brashi.

"Luka, baba, vua viatu hivyo usivichafue. Huko bondeni kuna matope."

Luka alijaribu kusema habari ya wanawake. Bibi akamuuliza kama yale maji anayokunywa huyachuja kwanza kuondoa uanamke wake. Luka akachukua ndoo. Wenzake wa keram walimpigia miluzi siku mbili, ya tatu wakachoka, maana ndoo zilikuwa zikiingia nyumbani na yeye hakufa.

Jumatatu daftari lilikuwa na safu ya tano, imepigwa mstari kwa wino mwekundu: ndoo. Wasichana saba kati ya kumi na wawili walikuwa na cha kuandika humo. Dominika aliandika themanini na mbili, maumivu mengi, ndoo hakuna. Mwalimu akamwonyesha ukuta wa darasa. Dominika akaenda, akasimama mbele ya Mwanne bila kujua pa kuweka mikono.

"Kaa," Mwanne akamwambia, akamsogezea ming'oko. "Hapa ndipo kivulini. Sasa ule wimbo wako tutaimbiwa wawili."

Dominika akaketi, akamwomba radhi, akaanza kumenya. Mwalimu Kulwa alikuwa amesimama nyuma yao na firimbi yake.

"Sikilizeni nyote," aliwaambia waliokuwa uwanjani. "Bidii siyo kuficha uchovu. Mwili unabeba kila kitu mnachoufanyisha, mwandike msiandike, na siku ya kudai huwa hauchagui uwanja. Anayenidanganya mimi kwenye daftari hanipunguzii kitu. Mzigo ni wake, atautua hadharani."

Kisha akapuliza firimbi, mazoezi yakaanza.