Hatua Iliyofutwa Pande Zote Mbili

Inspekta alizoea kuitwa penye maiti. Safari hii aliongozwa hadi mbele ya kompyuta yenye skrini nyeupe pee, na watu wameizunguka kwa nyuso za msibani.

"Marehemu ni nani?" aliuliza.

Meneja hakuwa na nafasi ya utani. "Afande, malori ya dawa yamekwama getini tangu jana. Hospitali zinatupigia simu mpaka masikio yanauma. Mchoro wa kazi umefutwa."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kampuni mbili za kusambaza dawa, moja ya mlimani na moja ya bondeni, zilizopokezana mizigo kwa miaka mingi, zilikuwa zimeungana, na kila moja ilikuja na mchoro wake: visanduku na mishale ya kuonyesha dawa inapokewa wapi, inakaguliwa na nani, inatoka vipi. Programu ikaiunganisha michoro hiyo miwili ikawa mmoja. Geti, mizani na mashine ya kuchapa hati vyote vikawa vinaufuata huo mmoja. Sasa haupo, na geti limenuna.

"Nani angeweza kuufuta?"

Aliyejibu ni fundi wa mitambo, binti ambaye kila mtu alimwita Miwani. "Yeyote aliyekuwa na kisanduku chake kwenye michoro ya kale. Wote walipewa nywila wahakiki kazi zao. Lakini kuna jambo halijaniingia akilini, Afande. Mchoro unakaa pande mbili, ghala la mlimani na ghala la bondeni. Kila saa pande hizo zinasawazishwa. Ukifuta mlimani, bondeni wanaurudisha. Ukifuta bondeni, mlimani wanaurudisha."

"Kwa hiyo ili ufe kabisa?"

"Ufutwe kote kote ndani ya saa ileile."

Inspekta akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aamke. Njama. Alizipenda njama, kwa sababu wawili wakizila pamoja, mmoja lazima atatapika.

Miwani hakupata taabu kuwataja. Mkono mmoja ulikuwa wa karani wa mlimani, wa pili wa karani wa bondeni, na kila mmoja alitumia nywila yake mwenyewe bila hata kujificha.

Karani wa mlimani alikuwa mjane wa makamo, mwenye meza safi na simu ya mezani ya zamani iliyofutwa vumbi vizuri kuliko kompyuta.

"Jana saa nne asubuhi ulikuwa wapi, mama?"

"Hapahapa."

"Uliufuta mchoro?"

"Niliufuta."

Koplo aliyekuwa akiandika maelezo akainua kichwa. Hakuzoea kupewa kesi kwenye sahani.

"Na mwenzako wa bondeni mlipanga lini?"

Hapo ndipo uso ulipombadilika. "Mwenzangu? Hapana, Afande. Nilifuta peke yangu. Yule kaka msimtie kwenye hili, ni mtu mwema."

"Unamfahamu?"

"Sijawahi kumwona kwa macho."

Bondeni nako wimbo ulikuwa uleule. Karani wa huko, bwana mrefu mwenye mvi za mapema, alinyoosha mikono kabla hajaulizwa la pili.

"Niliufuta mimi. Nifungeni mimi."

"Na yule wa mlimani?"

"Yule dada hana kosa. Amewahi kukosea namba moja tu maisha yake yote, na siku hiyo alikuwa na homa."

"Mnaonana wapi?"

"Hatujawahi kuonana."

Inspekta alikagua simu zao za mkononi. Hakukuta ujumbe hata mmoja kati yao. Njama yake ikayeyuka mkononi. Watu wawili wasiojuana sura, hawakupanga neno, na bado walifuta kitu kimoja saa moja. Alirudi kwa Miwani.

"Jana saa nne kulikuwa na nini?"

"Hakuna kitu, Afande."

"Fikiri vizuri."

"Kweli hakuna. Ilikuwa siku ya kwanza ya kujaribu mchoro mpya, na saa hiyo hapakuwa na kazi yoyote."

"Zamani je?"

Miwani akamfungulia michoro ya kale. Wa mlimani ulikuwa na kisanduku kilichoandikwa *Soma namba*. Wa bondeni ulikuwa na *Sikiliza namba*. Kila siku saa nne asubuhi karani wa bondeni alimpigia simu wa mlimani; lori lilikuwa halitoki mpaka huyu asome namba za maboksi na yule azirudie.

"Programu iliona ni hatua moja imeandikwa mara mbili," Miwani alieleza. "Na siku hizi mashine inajisomea. Ikaziondoa zote."

"Kusoma na kusikiliza ni kitu kimoja?"

"Kwa programu, ndiyo."

Inspekta akavitazama visanduku vile viwili. Mke wake alihamishwa kikazi mji wa mbali, na mazungumzo yao ya jioni yalikuwa yamepungua mpaka yakabaki "Umekula?" na "Nimekula." Maneno makavu, lakini angethubutu mtu kumfutia! Alijua kesi imekwisha.

Kituoni, mjane aliketi kwenye benchi akitazama sakafu. Bwana mrefu akaingizwa, akapita mbele yake kama mtu apitavyo mbele ya mgeni yeyote.

"Kazi yako?" Inspekta alimuuliza.

"Karani, ghala la bondeni."

Mjane aliposikia sauti ile aligeuka mwili mzima. Kisha akafumba macho, maana sura ile ilikuwa inamchanganya.

"Ni wewe?" akasema.

Yule bwana akarudi hatua mbili, akasimama mbele yake.

"Semeni sasa," Inspekta akasema kwa upole. "Kwa nini?"

"Kwangu hakuna mtu wa kuniuliza nimelalaje," mjane akaanza. "Yeye alikuwa ananiuliza, kabla ya boksi la kwanza. Miaka yote hiyo. Jana simu ilikaa kimya. Nikaitazama, nikaitazama, nikaona kama tumefutwa sisi, basi na wao wakose."

"Na mimi nilikuwa naikodolea ya kwangu," bwana akasema.

"Si ungepiga!"

"Ningesema nini? Sikuwa na namba za kusikiliza."

Mjane akafuta machozi kwa kiganja. "Na mimi sikuwa na za kusoma."

Koplo aliandika yote. Kosa ni kosa, na hakimu angelisikia. Lakini kabla wino haujakauka Meneja alipiga simu akilia: geti wamelifungua kwa nguvu, ila hakuna anayethubutu kutoa dawa zisizohakikiwa, na hospitali zinasubiri.

"Zilete hati za maboksi hapa," Inspekta akamwambia. "Wahakiki ninao."

Akawaketisha meza moja. Mjane alisoma akiwa ameutazama ukuta, na bwana akarudia kila namba, macho yamemganda usoni kwa mama yule. Kule getini malori yakaanza kuondoka, moja baada ya jingine. Ilipofika karatasi ya mwisho, sauti ya mjane ikaanza kwenda polepole. Koplo alitaka kumharakisha, Inspekta akamkanyaga mguu chini ya meza.

Namba ya mwisho ikasomwa, wazi kabisa, kila mtu chumbani akaisikia.

"Samahani," bwana akasema. "Hiyo sikuipata vizuri. Soma tena."