Tangi la Samaki la Marehemu Baba

Katika duka la vifaa vya mabomba lilibaki boya dogo moja tu, na mikono miwili ililishika kwa pamoja. Mmoja ulikuwa wa muuguzi, sare yake nyeupe imepigwa pasi ikanyooka. Wa pili ulikuwa wa fundi bomba, ovaroli yake ya buluu imejaa madoa ya gundi.

"Kaka, nimelishika mimi kwanza."

"Dada, wewe boya la nini?"

"La tangi la samaki. Au samaki nao waombe kibali kwako?"

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Fundi akaliachia boya; macho hakuyaachia. Akamsikiliza: marehemu baba yake alimwachia samaki sita, maji hupungua kila siku kwa joto, na zamu za wodini zinambana. Alitaka maji yajiongeze yenyewe.

Jumamosi fundi akaenda kwao. Waliweka ndoo kwenye rafu juu ya tangi, wakaitoboa chini, wakapitisha mpira mwembamba hadi kwenye boya lililofungwa ukingoni. Maji yakipungua boya linashuka, njia inafunguka. Yakifika kwenye alama linapanda na kuziba.

"Maji ya bomba yana dawa, itawaua samaki," fundi aliwaambia muuguzi na mama yake. "Yalale kwenye ndoo siku nzima kwanza. Na ndoo iwe hii hii ndogo. Boya likikwama, yatamwagika haya tu."

Miezi mitatu ilipopita, wawili hao walikuwa wamebandikana majina ya utani ya kazi zao, na hawalali bila kupigiana simu.

"Sindano, umekula?"

"Nitakulaje, Koki, na sauti yako sijaisikia tangu asubuhi?"

Kisha siku moja mchana muuguzi alitoka zamu akakuta zulia limelowa chapachapa. Tangi lilikuwa limefurika, boya limekwama. Samaki wote sita walielea kwa ubavu. Ndoo ilikuwa pembeni, na mpira umeunganishwa moja kwa moja na bomba la jikoni. Jana yake fundi alikuwa amepita kukagua boya. Muuguzi hakuuliza mtu. Alikwenda karakanani kwa fundi, viatu vyake vikichuruzika maji.

"Umewaua samaki wa baba yangu. Nani alikutuma ubadilishe?"

Wateja watatu wakageuka kutazama.

"Sijabadilisha kitu," fundi alisema.

"Mbabaishaji wewe. Na mwongo juu yake."

Fundi aliweka spana chini polepole. "Umemaliza?"

"Bado."

"Ukimaliza, mlango ule pale."

Mwezi mzima simu hazikulia. Muuguzi alifoka wodini, akafoka nyumbani, na akiwa peke yake alilia kwa hasira. Mwishowe mama yake alishindwa kuvumilia.

"Mwanangu, mpira niliuunganisha mimi. Mgongo ulinichosha kupandisha ndoo kila siku. Nikaogopa kukwambia."

"Mama, unanisikia nalia mwezi mzima, umenyamaza?"

"Nisamehe. Fundi anajua. Alinipigia siku ile ile, nikamwomba aniachie nikwambie mwenyewe."

Muuguzi alichukua mkoba akaenda karakanani. Fundi alikuwa peke yake, anakata bomba.

"Ulijua," alimwambia.

"Nilijua."

"Ukaniacha nikuchukie?"

Fundi alifuta mikono. "Usinifanye malaika. Nilimsitiri mama, kweli. Lakini pia nilitaka siku ukijua ikuume kama ilivyoniuma. Uliniita mwongo mbele ya wateja wangu, na hukuniuliza swali hata moja."

"Imeniuma."

"Vizuri."

"Lakini na wewe ulinikosea. Ungeniambia tu, 'Sindano, nenda kaulize nyumbani.' Maneno manne."

Hilo fundi hakuwa amelifikiria.

"Ni kweli," alisema. "Hasira ilinipanda kichwani. Nisamehe."

"Nisamehe na mimi. Lakini bado nimekasirika."

"Hata mimi."

Walisimama hivyo, meza ya kazi katikati yao, hakuna anayetaka kuondoka. Fundi ndiye aliyeanza.

"Ukiwa mke wangu, utauliza kwanza kabla ya kufoka?"

Muuguzi alimtazama, uso bado umekunjamana.

"Nitafoka kwanza," alisema. "Ila nitauliza."

Fundi aliondoa mabomba kwenye kiti, akakipangusa kwa mkono wa ovaroli, akamsogezea.

"Basi kaa," alisema. "Anza kufoka."