Chupa Iliyokuwa na Mwenyewe

Chupa ya siki ilipasuka ndani ya kabati siku ya Jumatano, saa nne asubuhi. Eriksine Boye alikuwa akimenya viazi hatua mbili tu kutoka hapo, na alidhani ni barafu. Kwetu Marstal, mji wa mabaharia kisiwani Denmark, mwezi wa Februari kila kitu husingiziwa barafu: mlango ukikwama ni barafu, mume akinuna ni barafu. Alipofungua kabati alikuta vipande vya kioo vimejichoma kwenye mbao pande zote, hata dari ya kabati, na kizibo kingali kimekaza katika shingo yake. Siki yenyewe haikuonekana popote. Palikuwa na harufu ya matope ya zamani, ya chini kabisa ya bahari, na ya lami iliyoungua.

"Lauritz! Umeweka nini humu kabatini?"

"Sijaweka kitu," mumewe alijibu kutoka chumba cha mbele. "Na usinishtue, namimina nta."

Lauritz alikuwa serahangi wa merikebu, msimamizi wa mabaharia, mtu wa mikono mikubwa na kazi ndogo ndogo. Wakati wa baridi, bandari ikiganda na merikebu zikilala, nusu ya wanaume wa mji huu hukaa dirishani wakijenga merikebu ndani ya chupa, na kila mmoja huapa kwamba yake ndiyo nzuri. Ya Lauritz ilikuwa nzuri kweli. Tangu Novemba alikuwa akiichonga Dorthea, merikebu ya milingoti mitatu aliyoisafiria miaka tisa. Alitandaza bahari ya puti ya buluu, ule udongo wa kushikizia vioo, ndani ya chupa, akapanga nyumba ndogo za Marstal kandokando, akaipenyeza Dorthea shingoni ikiwa imelaza milingoti, kisha akavuta uzi mmoja mrefu na milingoti yote mitatu ikasimama kwa pamoja na matanga yake. Akagandisha kwa gundi, akakata uzi. Kilichoingia hivyo hakitoki tena. Hilo ndilo linalomfanya mtazamaji aduwae, na ndilo linalompa fundi kiburi.

Na chupa yenyewe! Hapo ndipo ninapotamani kumzaba Lauritz kofi hadi leo. Iliinuliwa na nanga kutoka matopeni huko Newfoundland, ng'ambo ya Atlantiki, walipokwenda kuchukua samaki wa chumvi. Ilikuwa tupu, kioo kinene kisicho na povu hata moja, na kizibo chake kilikuwa kimefungwa kwa kamba ya lami mizunguko kumi na minne, kwa mafundo ambayo yeye, serahangi mzima, hakuwahi kuyaona. Wenzake walimwambia airudishe baharini. Lakini mjenzi wa merikebu za chupa akiona chupa haoni kamba, anaona kioo. Aliyasifu yale mafundo, akatoa kisu akayakata.

Miezi yote ile ya kuchonga chupa ilikaa wazi na tupu juu ya meza yake, na nyumba ilitulia. Jumatano ile, Dorthea ikiwa imekwisha simama ndani, alitia kizibo, akakifunika kwa nta nyekundu. Nta haijapoa, siki ikapasuka jikoni.

Alhamisi ilipasuka chupa ya dawa ya kikohozi, kisha taa ya mafuta, kisha birika la udongo, yote mchana kweupe. Kila kimoja kilipasukia nje, kama kimeingiwa na kitu kisichoenea. Lauritz alisema ni barafu.

Ijumaa Eriksine alimtafuta paka wao ampe vichwa vya samaki. Alimkuta ndani ya jagi la kioo la maziwa. Mdomo wa jagi lile haupitishi ngumi ya mtoto mchanga, lakini paka alikuwa ameingia mwili mzima, kichwa na mkia, mifupa imevunjwa kwa uangalifu na kukunjwa mmoja baada ya mwingine, miguu imelazwa kwa nyuma vile vile milingoti inavyolazwa, na macho yake yakitazama nje. Eriksine hakupiga kelele. Alikaa sakafuni na kujifunika uso kwa aproni.

"Lauritz," alinong'ona mumewe alipofika. "Kuna mtu humu ndani anajifunza kazi yako."

"Usiseme hivyo."

"Basi niseme nini? Nifundishe wewe cha kusema."

Lauritz alimzika paka kwenye theluji pamoja na jagi lake, akamsihi mkewe asimwambie mama.

Mama huyo ni Abelone, mama yake Eriksine, na alikuja Jumapili kula baada ya kanisa kama kawaida yake. Abelone alikuwa na mdomo mchungu na sababu ya kuwa nao. Bahari ilimchukulia mume, na wana wawili, na haikumrudishia hata kofia. Eriksine ndiye pekee aliyebaki, na mama mtu alimpenda kwa namna ya kutisha kidogo. Kwa mkwe wake Lauritz, upendo wake ulizidi kidogo tu ule alioupenda maumivu ya jino.

"Hii ndiyo umeimaliza?" aliuliza, akiitazama chupa dirishani huku supu ya njegere ikipakuliwa. "Mwanaume wa miaka arobaini na mbili, anacheza na chupa. Wenzako wakizimaliza wanazitupa."

"Ndiyo, mama. Na mimi naziokota, la sivyo mitaa ingejaa."

"Angekuwa anazimaliza na yeye," Abelone alimwambia binti yake, "angalau ungepata siku moja ya kupumzika, amelala."

Eriksine akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nne, akacheka kwa moyo wote, kichwa nyuma, mdomo wazi, na hapo ndipo kitu kilipomwingia. Wote wawili waliona shingo yake ikivimba kutoka juu kwenda chini, polepole, na taya lake likavutwa mpaka likalia, na kiti kikaanguka naye akaanguka juu ya supu ya moto bila kuonekana kuihisi, na harufu ile ya matope na lami ikajaa chumba kiasi cha macho kutoa machozi, na kila alipojaribu kuvuta pumzi kilisikika ndani yake kitu kikijipanga, kikikunja magoti, kikitafuta pa kuweka mgongo wake.

"Mwanangu!" Abelone alimshika mabega. Mkono wa Eriksine ukainuka na kumpiga mama yake usoni kwa nguvu ambayo mkono ule haukuwahi kuwa nayo. Jino lilimtoka. Abelone alilitema, akachukua shali yake, akatoka mbio kwenda kumtafuta daktari.

Lauritz alibaki peke yake na mkewe. Midomo ya Eriksine haikucheza, lakini sauti ilitoka, nzito, kama mtu anayesema chini ya sitaha.

"Nyumba yangu ina merikebu. Toa."

Alielewa papo hapo. Huwezi kuwa serahangi miaka yote hiyo usielewe mwenye chumba anaporudi na kukuta mizigo ya mwingine. Lakini aliipenda Dorthea yake, Mungu amsamehe, na akadhani ataweza kuelewana na jini lile. Alikimbilia stoo, akaleta chupa nyingine, kubwa zaidi, nene zaidi, akaiweka sakafuni mdomo ukiwa wazi.

"Chukua hii. Hii ni bora kuliko ile."

Kidole kidogo cha Eriksine kiliinuka chenyewe, kikapinda kwa nyuma, kikavunjika. Yeye mwenyewe, Eriksine wa kweli, alipiga ukelele mmoja kutoka mbali.

"Hiyo si yangu," sauti ilisema, na kidole cha pili kikavunjika, na cha tatu.

"Basi! Basi, nasikia!"

Mlangoni alisimama Bodil, kikongwe wa nyumba ya mbele, ambaye nusu ya mji humcheka na mji mzima humwita mtoto akiungua homa. Harufu ilikuwa imemfikia hadi kwake.

"Bibi, liondoe," Lauritz alimlilia.

"Niliondoe nilipeleke wapi?" Bodil alinong'ona. Hakuvuka kizingiti. "Wewe ndiye uliyelifukuza kwake. Waliolifunga humo walijua kazi yao, nalo likazoea, likatulia. Sikiliza vizuri. Chupa hiyo isivunjike. Itoe merikebu yako kwa mlango iliyoingilia, kipande kwa kipande, na jini litarudi lenyewe, kwa sababu ndani ya mtu linabanwa. Lakini chupa ikivunjika halina tena pa kurudi. Mkeo ndiye atakuwa chupa."

"Nitaitoa. Ila, bibi, nakuomba." Lauritz aliufuta uso kwa mkono. "Mama mkwe asijue kwamba ni chupa. Miaka kumi na miwili ananicheka. Nikimaliza nitamwambia mwenyewe."

Bodil alimtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Mwanaume ni mwanaume tu," alisema. "Haya, fanya haraka. Nakwenda kuandaa kamba ya kulifunga."

Lauritz akapasua nta, akang'oa kizibo, akaanza kazi ambayo hakuna fundi aliyewahi kuifanya. Alipasha moto waya kwenye jiko la chuma, akauingiza shingoni, akaunguza gundi. Mlingoti wa mbele ulianguka, akauvuta kwa ndoano. Eriksine akavuta pumzi. Mlingoti wa kati ukatoka, na uvimbe wa shingo ukapungua kwa upana wa kidole. Akatoa matanga yaliyoshonwa na Eriksine mwenyewe, akatoa kamba, mashua ndogo, usukani, nyumba ndogo za Marstal na kanisa lake, akavitupa vyote sakafuni bila kuvitazama, huku mikono ikiungua na machozi yakimwingia mdomoni, na kila kipande kilichotoka kilimrudishia mkewe pumzi moja, na kila alipochelewa kidogo alisikia nyuma yake kidole kingine kikivunjika, naye hakuthubutu kugeuka kwa sababu akigeuka waya utamponyoka.

"Karibu namaliza, mke wangu. Umebaki mwili wa merikebu tu."

"Lauritz," alisema Eriksine. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ndogo, imekwaruzwa. "Linaondoka. Nalisikia linasimama."

Alivuta mwili wa Dorthea. Ulifika shingoni ukakwama. Tonge la puti lililokauka lilikuwa limeng'ang'ania chini yake, nene kuliko shingo ya chupa. Akausukuma ndani, akaanza kulikwangua tonge kwa ncha ya waya, punje kwa punje. Jini lilikwisha kujiandaa kutoka, likakuta mlango umezibwa, likaghadhibika. Lilirudi kooni mwa Eriksine kwa kishindo. Visigino vyake vikapiga sakafu, uso ukawa buluu, damu ikamtoka masikioni.

"Subiri kidogo! Nimeshafika! Kidogo tu!"

Hivyo ndivyo Abelone alivyowakuta. Daktari alikuwa amevuka barafu kwenda kisiwa cha pili, naye amerudi mikono mitupu, damu imemgandia kidevuni. Akamwona mwanawe anakata roho sakafuni, na mkwe wake amempa mgongo, amepiga magoti, anachokonoa chupa kwa waya na kuiambia subiri kidogo.

Sijui mama gani angefanya tofauti. Alichukua chuma cha kuchokorea moto.

"Mama, usiiguse! Mama, hujui, ngoja nikwambie..."

"Miaka yote hii hujaniambia kitu, leo ndiyo uniambie?"

Lauritz aliikumbatia chupa. Pigo la kwanza lilimvunja mkono juu ya kiwiko, na mfupa ukatokeza kwenye shati. Pigo la pili lilitua kwenye chupa. Kioo kile kinene kilipasuka vipande vitatu bila kelele nyingi, na Dorthea isiyo na milingoti ikabingirika chini ya meza.

Visigino vya Eriksine vilitulia. Pumzi ikaingia, ndefu, safi. Uvimbe ukashuka kutoka shingoni kwenda kifuani, ukaenea, ukapotea.

"Umeona?" Abelone alilia kwa furaha. "Umeona, mpumbavu wewe? Chupa zako!" Alipiga magoti amkumbatie bintiye.

Eriksine aliinuka akakaa. Vidole vyake vilivyovunjika vilijinyoosha kimoja kimoja, vikilia. Aliinua mkono wa kulia akautazama, akainua wa kushoto, akajishika mbavu pande zote mbili na kuzibonyeza, taratibu, kama mtu anayekagua nyumba kabla ya kuhamisha vyombo. Kisha akatabasamu na kufunga mdomo.

Bodil alifika mlangoni na kamba yake ya lami. Aliviona vipande vya kioo, akaiachia kamba ikaanguka kwenye theluji.

"Nani amevunja?"

"Mimi," alisema Abelone. "Na mwanangu amepona."

Hapo hapo waliisikia wote watatu sauti nyingine, ndogo mno, kutoka ndani ya kifua cha Eriksine, nyuma ya midomo iliyofungwa na tabasamu lisilotikisika. Kitu kilikuwa kikigonga mbavu kwa ndani, kwa ngumi ndogo.

"Mama."

Abelone aliweka sikio kwenye kifua cha mwanawe. Mwili ule haukumzuia. Ulimtazama tu kutoka juu, kwa upole wa mwenye nyumba.

"Mama, niko humu. Limenikunja. Mama, limenikunja miguu. Vunja na hii."

Abelone akasimama. Chuma kilikuwa bado mkononi mwake. Lauritz alimkamata kifundo cha mkono kwa mkono wake mmoja mzima, akamshikilia kwa nguvu zake zote, na kule ndani sauti ya mkewe iliita mama, ikaita Lauritz, ikaomba, ikapiga kelele kila mara jini lilipojigeuza na kumkunja zaidi. Alimshikilia mama mkwe wake hivyo muda mrefu, jua likiwaka juu ya theluji dirishani. Mwishowe akamwachia.