Ubeti wa Mwisho wa Wimbo wa Tisa

Duka la miwani lilikuwa limefurika. Kila mteja anadai zamu yake imerukwa. Mwanamke mmoja, gauni la kijani, viatu bapa, alikuwa amejipenyeza hadi kwenye kioo akijaribu fremu nyekundu.

"Hiyo inakufanya uonekane mwalimu wa hesabu," sauti nzito ilisema nyuma yake.

"Na wewe nani kakuuliza?"

"Hakuna. Halafu mimi mwenyewe sioni vizuri, usinisikilize."

Alicheka bila kutaka. Aligeuka akamkuta bwana mrefu mwenye mvi ndevuni, shati la jinzi lililopauka, na ncha za vidole zilizoota sugu.

"Unapiga gitaa?"

"Besi."

Alipoitaja bendi yake, mwanamke alivua miwani. Ilikuwa bendi kongwe ya roki, ya watu waliojirekodi wenyewe tangu ujana wao bila kuinamia kampuni yoyote. Na yeye alikuwa mhakiki wa muziki gazetini. Albamu yao iliyopita aliiita chai iliyopoa.

"Kumbe ni wewe!" Mpiga besi aliangua kicheko. "Mpiga dramu wetu akishika kikombe tu, lazima akulaani."

Ndivyo walivyoanza. Mapenzi ya watu wazima hayana mbwembwe, lakini yakikolea yamekolea. Mpiga besi akawa anamwita "Jaji", naye akaitwa "Mzee". Simu haziishi.

"Jaji, umekula?"

"Nimekula, Mzee. Na wewe acha kunichunga kama kuku."

Walikuwa na sharti moja tu: kazi isiingie nyumbani. Albamu mpya ilipokaribia, mwanamke alimwomba mhariri ampe mtu mwingine kazi ya kuihakiki. "Mtu gani?" mhariri alimjibu. "Roki hapa unaijua wewe. Andika, na chini ya makala useme kwamba mnajuana." Wakakubaliana, basi, kwamba habari za albamu zisitajwe kati yao mpaka uhakiki utoke.

Sasa tazama ujinga wa wanaume. Mpiga besi, ambaye maisha yake yote hajawahi kutunga wimbo, safari hii alitunga mmoja, wa tisa, wa kufungia albamu. Katika ubeti wa mwisho alimwomba Jaji amkubali kuwa mumewe. Mtu mzima, ana mdomo na ana simu, anaituma albamu nzima ikamposee!

Nyimbo zilitumwa kwa wahakiki na mpiga dramu kutoka sebuleni kwake, mtandao ukienda na kurudi. Wimbo wa tisa ukafika nusu. Ulikatika gitaa linapopanda, kabla ya ubeti wa mwisho, na hakuna aliyegundua. Wahakiki walisifu. Mmoja aliandika kuhusu "ujasiri wa kunyamaza ghafla". Mwingine akasema wakongwe wametufundisha kwamba si kila kitu lazima kimalizwe. Jaji peke yake hakulamba mtu viatu. "Wimbo wa tisa," aliandika, "ni wa mtu anayezungukazunguka, anakohoa, kisha anakimbia. Kama ana neno, aseme. Kama hana, atuache."

Mpiga besi alisoma akiwa amesimama jikoni. Alisoma tena. Jaji alimpigia, simu ikaita hadi ikachoka. Kesho yake ndipo Mzee alipopokea.

"Mzee, umenuna?"

"Jibu lako nimelipata."

"Jibu gani? Huo ni uhakiki! Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana. Asante kwa ukweli wako." Akakata.

Mwanamke alibaki anaitazama simu kama iliyomtukana. Kumbe naye ni wale wale! Wanakwambia sema kweli, ukisema wanakuhama. Alimpigia dada yake, akalia kwa hasira.

"Si ungemsifia kidogo, mdogo wangu?"

"Nisifie nini, dada, wimbo wenyewe hauishi!"

"Haya, kaa na ukweli wako basi, ukukumbatie."

Wiki zikaenda, albamu yenyewe bado haijaingia sokoni. Ujumbe aliouandika aliufuta, akauandika upya, akaufuta. Mpiga besi naye alikuwa anakwenda mazoezini na kurudi, mkaidi kama mlango uliovimba kwa mvua. Wote wawili wanaumia, na hakuna anayeuliza swali moja la maana. Mpaka mpiga dramu alipochoka, akampigia Jaji bila salamu.

"Wewe mama, mimi umenitukana nimezoea. Lakini huyu mwenzangu hapigi tena, anapapasa nyuzi tu. Mtu anakuomba ndoa, unamjibu gazetini 'atuache'?"

"Ndoa gani?"

"Si ile ya ubeti wa mwisho!"

"Ubeti upi? Wimbo si unakatika gitaa linapopanda?"

"Unakatika?" mpiga dramu aliuliza polepole. "Mungu wangu. Na wale waliosifia kunyamaza ghafla... mimi nilidhani ni maneno yao ya kisomi."

Sifa, ndugu yangu, hakuna anayezikagua.

Jaji hakubadilisha hata nguo. Alitoka na sketi yake ya kazini, akaingia chumba cha mazoezi akihema. Mpiga besi alikuwa anakunja nyaya.

"Imba," alimwambia.

"Nini?"

"Wimbo wa tisa. Wote. Mimi nililetewa kipande, Mzee. Sijawahi kuusikia mwisho wake."

Waya ulimtoka mkononi. Alimtazama mpiga dramu, ambaye ghafla alikuwa na shughuli nyingi na viatu vyake. Kisha alivaa gitaa, akaimba kwa sauti iliyokwaruza:

*Nimeishi kwenye sauti za chini,*
*leo napanda, nikianguka nianguke:*
*njoo tukae nyumba moja,*
*mimi mumeo, wewe mke wangu.*

Nyuzi zikatulia.

"Vipi?" aliuliza.

"Sauti ya mstari wa pili hukuifikia, Mungu akusamehe."

"Jaji!"

"Nimelia mwezi mzima! Nimekonda! Kwa nini hukuniuliza, wewe mwanamume? Una mdomo wa kazi gani? Weka hilo gitaa chini uniulize kama mtu."

Aliliweka. Bila gitaa, mikono yake haikujua pa kukaa. "Naogopa," alisema. "Nilikuwa naogopa na bado naogopa. Utakubali nikuoe?"

"Nakubali, mpumbavu wewe," alisema, akampiga ngumi ya kifua. Ya kwanza ilikuwa ya hasira kwelikweli. Ya pili haikuwa na nguvu. Ya tatu ilipotua, mkono haukuondoka tena.